Masuke Tuliyomwachia Cucu

Mwezi uliopita, mtunza ghala wa shule ninakofundisha, si mbali na Gachoka, alifungua gunia la uwele lililokuwa limevujiwa na paa. Kwanza ulitoka mvuke mwembamba. Kisha ikaja harufu: utamu uliochacha, wenye joto, kama uji uliosahauliwa sufuriani tangu juzi, na nyuma yake ubichi wa majani yaliyolowa. Wenzangu waliziba pua. Mimi niliinama, nikazamisha mkono gunini mpaka kiwikoni, nikaukuta uwele una moto wa mtu mwenye homa.

"Umwageni juani," nilisema, "uwe mwembamba kama mkeka, na mtu asiondoke hapo."

Niliisikia sauti yangu ikiwa kali kuliko nilivyozoea, na nikajua imetoka wapi. Ilitoka ng'ambo ya mto, katika likizo ya Desemba niliyokuwa nikingoja kuingia darasa la sita.

Niruhusu, msomaji, nikueleze kwanza kwa nini jambo hili limenikaa rohoni. Nilipokuwa chuoni tulisomeshwa hadithi za zamani za watoto waliotupwa na ajali mahali pasipo na mtu mzima. Katika baadhi yake watoto hao hujenga makao mazuri na kuimba jioni. Katika nyingine huchagua mkubwa wao, hugombana, na mwishowe huwindana. Mhadhiri wetu alituuliza: mtoto akiondolewa wazazi, hubaki nani? Karibu darasa lote lilijibu kwamba hubaki mnyama. Niliinua mkono, nikaanza kueleza habari za uwele, wenzangu wakacheka, nikaketi. Jibu ambalo sikulimaliza siku ile ndilo hili. Nalitoa bila aibu, kwa sababu naamini kwamba tunavyowafikiria watoto ndivyo tunavyowatendea.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa barabara iendayo Kiritiri, na shamba letu la uwele lilikuwa ng'ambo ya mto. Usiwazie mto wa maji. Sehemu kubwa ya mwaka ulikuwa barabara pana ya mchanga mweupe, ambamo malori yaliingia kupakia na mbuzi walilala mchana. Tulivuka kwenda shambani bila kuvua viatu. Zamani majirani kadhaa walilima ng'ambo kama sisi, lakini wengi walikuwa wamehamia kwenye ndengu na muguka, majani yale ya kutafuna, upande wa nyumbani, kwa kuwa mimea hiyo haihitaji kulindwa dhidi ya ndege. Msimu ule tulibaki peke yetu kule, na nyuma yetu vilikuwa vilima vya miiba mitupu.

Uwele ukianza kufanya punje, kwelea huja. Huja kama wingu lililopata akili: hugeuka pamoja, hushuka pamoja, na likiondoka shamba lililokuwa limeinamisha vichwa linabaki limesimama wima kama fimbo. Kwa hiyo kila likizo ya Desemba sisi watoto tulihamia ng'ambo pamoja na Cucu, nyanya yetu mzaa baba, tukalala katika kibanda cha udongo na kuamia ndege kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Kila mmoja alikuwa na ulingo wake. Simaanishi ulingo wa wanasiasa, ingawa na sisi tulipiga kelele nyingi juu yake. Ni jukwaa la miti lililoinuliwa kupita kimo cha mtu, ambalo ukisimama juu yake unaliona shamba lote. Kila mmoja pia alikuwa na mlio wake. Binamu yangu Nyaga, aliyekuwa akingojea kuingia darasa la nane, alivuta "huuu-i" ndefu iliyopanda kama king'ora. Mdogo wangu Ireri alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Wawira, dada yake Nyaga, ambaye hata shule hakuwa ameanza, alipiga yowe moja fupi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kisha akacheka. Mimi niligonga debe na kuimba majina ya ndege ambao ningewala kama wasingeondoka.

Kuna jambo la desturi ambalo lazima ulijue. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kike jina la nyanya. Nyaga na mimi tulikuwa vifungua mimba wa ndugu wawili. Basi yeye alikuwa babu, marehemu Mzee Nyaga wa mizinga ya nyuki, na mimi nilikuwa Igoki, yaani Cucu mwenyewe. Ukoo mzima ulituita mzee na mkewe. Cucu alimwita Nyaga "mume wangu" mbele ya watu, na kijana alitamani ardhi impasukie. Mimi aliniita "somo", na tukigombana, jambo tulilolifanya kila siku, alituacha huku akitikisa kichwa na kusema kwamba ndivyo walivyokuwa.

Na lipo la pili. Shamba letu la uwele lilikuwa na mfunguzi. Hakuna aliyekata suke kabla Cucu hajapita katikati na kisu chake kidogo, akakata masuke ya kwanza, akatafuna punje na kutikisa kichwa kuonyesha kwamba sasa wengine waingie. Kazi hiyo aliipokea kutoka kwa mama mkwe wake, na aliipokea tu msimu ule mama huyo alipozikwa. Nililijua hilo vizuri. Kichwani mwangu lilikaa hivi: mkono unaofungua shamba haubadiliki mpaka mwenye mkono aondoke duniani.

Msimu huo ulikuwa wa maana kuliko yote niliyowahi kuona. Misimu miwili iliyotangulia ilikuwa imekauka, ghala letu lilikuwa na panya wenye huzuni, na mama alikuwa ameshaanza kupika uji unaopitisha mwanga. Uwele ule wa ng'ambo ndio uliokuwa chakula chetu mpaka mvua nyingine, na ndio uliokuwa mbegu.

Asubuhi moja Cucu hakuamka kuwasha moto. Tulimkuta anatetemeka chini ya blanketi mbili huku jasho likimtoka. Nyaga alikimbia nyumbani, akarudi na baba yake pamoja na mama yangu. Baba yangu alikuwa kazini Meru. Walimfunga Cucu juu ya kitanda cha kamba, wakakiinua wawili wao, na mama akatugeukia.

"Mzee na mkewe," alisema, "kaeni vizuri na hawa wadogo. Tukimfikisha hospitali nitarudi kabla jua halijalala."

"Na ndege?" niliuliza.

"Ndege ndio hao wanakusikia unaongea," Nyaga alinijibu badala yake, na kweli wingu lilikuwa limeshaanza kushuka kona ya mbali. Tulikimbilia kwenye malingo yetu. Sikumwona Cucu akivushwa.

Mchana ule halikudondoka hata tone kwetu. Mvua ilinyesha juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo hatukuweza hata kupaona. Tulichosikia ni sauti kama ya malori mengi yanayopanda kilima pamoja, na tulipofika ukingoni barabara ile ya mchanga haikuwapo. Palikuwa na maji mekundu yanayokimbia, yamebeba migomba mizima, mlango wa mtu, na mbuzi mmoja aliyekuwa bado anashangaa. Jioni mama alitokea ukingo wa pili. Tuliona mdomo wake ukifunguka, lakini mto ulikula kila neno. Alinyoosha mkono kwetu, akakaa kitako kwenye nyasi, akakaa hapo mpaka giza likamfuta.

Wawira alilia kwanza, kisha Ireri akamfuata kwa heshima ya ukoo. Nyaga alisema, "Mimi nitavuka. Kule juu kwenye miamba mto ni mwembamba. Nitaleta watu."

"Utaletwa wewe," nilimwambia. "Utaletwa ukiwa umefura."

"Wewe nawe unaogopa kila kitu."

"Naogopa, ndiyo. Na hujala."

"Sitaki kula!"

"Mume wangu," nilisema, kwa sauti ile ile ya Cucu iliyochanganya dharau na huruma, "mtu haendi safari na njaa. Kaa chini."

Nilitaka kumuudhi tu. Lakini Ireri aliangua kicheko katikati ya kilio chake, Wawira akacheka kwa kuwa Ireri amecheka, na Nyaga, baada ya kupigana na midomo yake mwenyewe, akaketi. Tulikula ndengu zilizosalia. Aliposhiba, hakutaja tena miamba.

Hapo ndipo, nikitazama nyuma, naona tulipotengana na watoto wa zile riwaya. Wao walilazimika kuchagua mkubwa wao, na katika kuchagua wakaumizana. Sisi tulikuwa tumekwisha kugawiwa nafasi zetu siku tuliyozaliwa, tena kwa mzaha, na mzaha ule ukatubeba. Nyaga alianza kukohoa kama babu kabla ya kutoa amri. Nami nilianza kuulizwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: Cucu, chumvi inatosha? Cucu, Wawira ana kikohozi, afanyiwe nini? Nilijibu. Mara nyingi nilikumbuka alivyofanya Cucu, na pale nisipokumbuka nilikunja uso kama yeye mpaka jibu lijilete. Moto hatukuuacha uzimike. Tulipiga marufuku kukaribia mto. Mbuzi mmoja mwenye maziwa, tuliyehamia naye ng'ambo, alituweka hai, nasi tukamlipa kwa kumsifu. Wawira, ambaye jina lake lina maana ya kazi, hakufanya kazi yoyote isipokuwa kulala kivulini, kupiga yowe lake na kuuliza kama kesho imefika. Kila mapambazuko tulipanda malingo, na milio yetu minne ikapaa: king'ora, mluzi, debe, yowe. Mto haukushuka. Lakini ndege hawakupata chochote, nasi tulianza kutembea kama wenye shamba.

Kisha mvua ikatufikia na sisi. Ilinyesha kwa utulivu wa mtu aliyekuja kukaa. Uwele ulikuwa umeiva, na masuke yalilowa, yakainama, yakawa mazito. Asubuhi moja Nyaga alirudi kutoka shambani na suke mkononi. Alilipasua mbele yetu. Ndani, punje zilikuwa zimefura, na moja yao ilikuwa imetoa uzi mweupe, mfupi, kama jino la mtoto.

"Unaota," alisema. "Tukate."

"Cucu hajafungua shamba."

"Cucu yuko hospitali Kiritiri."

"Basi tungoje."

"Tungoje mpaka uote huko huko juu, tule nyasi pamoja na mbuzi? Wewe si ndiye Igoki? Fungua."

Ni hapo nilipolia, mimi ambaye sikuwa nimelia jioni ile ya mto. "Nikifungua mimi, atakufa," nilisema. "Mama mkwe wake si ndivyo alivyomwachia? Alikufa, ndipo Cucu akashika kisu."

Nilitarajia anicheke. Hakucheka. Alikuwa na mzaha mwingi Nyaga, lakini alijua mahali pa kuuacha. Alisimama kwenye mvua akiwa ameshika suke lile, maji yakimtiririka puani, na Ireri alituangalia kwa zamu kama mtu anayengoja kuambiwa kama dunia inaendelea. Nataka uelewe, msomaji, uzito wa kilichokuwa mbele yangu. Upande mmoja ulikuwa uwele, na nyuma ya uwele mwaka mzima wa sufuria tupu. Upande wa pili ulikuwa mwanamke aliyenipa jina, na nilikuwa na hakika kabisa, hakika ya mtoto ambayo haijui shaka, kwamba uhai wake uko kwenye ncha ya kisu.

"Basi usifungue," Nyaga alisema mwishowe. "Mshikie tu. Darasani mtu akienda choo si unamshikia dawati? Dawati linakuwa lako kwani?"

"Hapana."

"Haya. Tunamwachia yake hapo katikati, masuke mazuri kabisa, hatuyagusi. Akija atafungua mwenyewe. Hayo mengine tunashika."

Sijawahi kusikia hoja bora kuliko hiyo katika chumba chochote cha mihadhara. Tulichagua fungu katikati ya shamba, mabua kama kumi hivi, yaliyosimama pamoja. Tuliyafunga kiunoni kwa kamba ya katani. Nyaga aliutundika juu yake mwavuli wa Cucu uliovunjika mbavu mbili. Ndege wangeingia kwa ubavuni, kwa hiyo Ireri, bila kuombwa, alivua sweta yake ya shule, nguo yake pekee yenye mikono, tukalivisha fungu lile na kuifunga mikono yake mbele. Lilisimama pale kama mwanafunzi mnene anayengoja mtu wa kumchukua nyumbani. Kisha nikashika kisu, nikaenda kwenye suke la jirani, nikasema kwa sauti, ili kila anayehusika asikie: "Cucu, nakushikia tu." Nikakata.

Tulikata siku nzima na iliyofuata. Nyaga na mimi tulikata, Ireri alibeba, na Wawira, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitimiza maana ya jina lake: alifuata nyuma yetu akiokota kila suke lililodondoka. Tulilundika mavuno ndani ya kibanda mpaka tukabaki na nafasi ya kulala kwa ubavu. Tulilala tukijisifu.

Asubuhi kibanda kilinuka. Ndiyo ile harufu ya gunia la mwezi uliopita. Niliingiza mkono kwenye lundo, nikautoa haraka: ndani mlikuwa na moto. Tulikuwa tumelundika uwele uliolowa, kosa ambalo mtu mzima yeyote wa kwetu angelizuia kwa kutupia jicho tu, na sasa ulikuwa unajipika wenyewe. Juani tungeweza kuuanika, lakini jua halikuwapo. Ireri alianza kusema kwamba labda tunywe basi, maana wazee husema pombe huanza hivyo, na nikamwambia anyamaze.

Nilikunja uso kama Cucu. Nilimwona jikoni kwake, akinyoosha mkono juu ya mafiga, kwenye dari ya fito ambako mbegu hukaa mwaka mzima katika moshi, kavu, nyeusi, zisizoguswa na mdudu. Dari ya fito juu ya moto. Nikatazama nje, nikayaona malingo yetu manne yamesimama mvuani bila kazi, kila moja likiwa dari ya fito inayongoja moto.

"Nyaga," nilisema, "ndege wamekwisha. Malingo ni ya nini?"

Alitazama yalikoangalia macho yangu, na nilimwona akielewa, na furaha iliyompanda usoni nitaikumbuka nitakapokuwa mzee. Tuliezeka malingo kwa nyasi na magunia ili mvua isiingie. Tulitandaza masuke juu ya fito, membamba kama mkeka. Chini tulichimba vishimo, tukawasha moto mdogo wa kuni zenye makaa, kisha tukaweka mti mbichi ili utoe moshi mwingi na ndimi chache. Tuligeuza masuke kwa mikono mpaka vidole vikawa vyeusi. Tulipokezana kulinda, kila mtu na ulingo wake kama zamani, ila sasa tulilinda moto badala ya ndege, na kwa kuwa hapakuwa na ndege wa kufukuza hakuna aliyepiga mlio wowote. Tulifanya kazi kimya, tukiwa na kiburi, macho yakitutoka machozi ya moshi.

Hatukujua kimya kile kilisikika vipi ng'ambo ya pili.

Miaka mingi baadaye mama aliniambia. Kutoka ukingoni hakuweza kutuona, kwa kuwa shamba lilikuwa nyuma ya miti na mto ulinguruma mno. Lakini juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu, mapambazuko, kabla upepo haujaamka, milio ilimfikia. Kila asubuhi alipanda pale na Baba Nyaga, akazisikiliza sauti zetu moja moja: king'ora, mluzi, debe, na ile fupi ya mtoto. Akishasikia ya nne, ndipo alipoweza kunywa chai. Kisha ikaja asubuhi ambayo hakusikia chochote. Akangoja. Mahali pa sauti zetu akaona moshi, mwingi, wa nguzo nne, ukipanda kutoka shambani.

Mama si mtu wa kupiga kelele. Wapakiaji wa mchanga walimshika akiwa ameingia majini mpaka mapajani. Mto ulikuwa umeanza kupungua lakini bado uliweza kuua, na ni wao waliofunga kamba nene ya lori kwenye mti, mmoja wao akavuka nayo akiwa ameifunga kiunoni, na wengine wakamfuata wameishikilia, mama na Baba Nyaga wakiwa katikati.

Walitukuta hivi: Nyaga anakohoa kibabu na kuamuru kuni zipunguzwe, Ireri yuko kifua wazi juu ya ulingo anageuza masuke, Wawira anaogeshwa na mimi ndani ya debe langu la zamani huku akipinga kwa nguvu zote. Mama alikuja mbio, na hakuutazama uwele hata kidogo. Alishika kichwa changu, cha Ireri, cha Nyaga, cha Wawira chenye povu, akarudia tena kuanzia mwanzo.

"Mbona mlinyamaza?" alisema. "Mbona mlinyamaza, nyinyi?"

"Ndege wamekwisha, mama," Ireri alimjibu, akishangaa kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa.

Baba Nyaga alikuwa amekwenda kwenye ulingo wa kwanza. Alitwaa suke, akalipukuchua viganjani, akapuliza makapi, akatia punje mdomoni. Tulisikia zikivunjika kwenye meno yake, sauti kavu, safi. Akaenda kwenye wa pili, akafanya vivyo hivyo. Alipofika wa nne alikuwa anacheka peke yake, na wale wapakiaji wa mchanga, watu wenye mabega kama milango, walikuwa wanatafuna pia na kutikisa vichwa.

"Nani aliwafundisha hii?" mmoja aliuliza.

"Muulize mke wangu," alisema Nyaga, na kwa mara ya kwanza hakuona haya.

Lakini mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililiogopa kiasi kwamba lilitoka kama mnong'ono. "Cucu je?"

"Cucu?" mama alisema, akipangusa uso. "Cucu amepona tangu juzi. Anagombana na wauguzi. Anasema uji wao hauna kitu."

Nililala chini palepale, kwenye matope, nikatazama mbingu.

Aliletwa mto ulipokuwa mchanga tena, amekonda, ameshika fimbo ambayo hakuitaka. Ukoo mzima ulivuka naye. Alisimama ukingoni mwa shamba akaangalia mabua yaliyokatwa mpaka mwisho. Kisha akaona, katikati ya uwazi ule, mtu mfupi mwenye sweta ya shule chini ya mwavuli.

"Na huyu mwanafunzi ni nani?" aliuliza. "Hajafunguliwa shule?"

Watu walicheka. Nilimweleza, mbio mbio, kwamba sikufungua, kwamba nilishika tu, kwamba yake ndiyo yale. Hakucheka pamoja na wengine. Aliniangalia kwa muda, akamwangalia Nyaga, akanyoosha mkono ili nimpe kisu. Alimvua mwanafunzi sweta, akamrudishia Ireri, akakata. Alitafuna. Baadhi ya punje zilikuwa zimeota kidogo, naye alizitafuna na hizo, akatikisa kichwa, na mavuno yaliyokwisha kuvunwa yakafunguliwa rasmi kwa vigelegele. Alipofika nusu ya fungu alisimama, akanigeuzia mpini.

"Maliza wewe, somo. Mkono umechoka."

Nikamaliza. Nilimwamini, kwani alikuwa ametoka hospitali. Sikujiuliza kwa nini mkono uliochoka ulishika mchi jioni ile na kutwanga uwele wa kuwatosha watu wote, huku mwenye mkono akimkemea "mume" wake kwa kukohoa bila ugonjwa.

Nilikuwa tayari nimeshahitimu chuo, Cucu ameshatuacha, nilipoelewa. Aliona hofu yangu, akajua ina umbo gani, na hakutaka niibebe. Aliamua kunikabidhi kisu akiwa hai, mchana, mbele ya watu, ili mkono wangu usije kudhani kwamba umekipata kwa kifo chake. Na nilielewa pia kile ambacho sikuweza kumwambia mhadhiri wangu. Hatukuwahi kuwa watoto wasio na wazazi. Tulikuwa na babu mwenye kikohozi na nyanya wa kukunja uso. Tulikuwa na dari ya jikoni vichwani mwetu. Na juu ya kilima, kila alfajiri, tulikuwa na mtu aliyekataa kunywa chai mpaka amesikia sauti ya nne. Mtoto akiondolewa wazazi hubaki na kile walichomwekea. Kama hawakumwekea kitu, tusimlaumu yeye.

Januari iliyopita nilifungua shamba la ng'ambo. Nyaga, ambaye sasa ana mizinga yake ya nyuki na kikohozi cha kweli, alisimama pembeni akinihimiza niharakishe. Mama alikuwa juu ya ulingo wangu wa zamani, anasikiliza. Niliingia katikati na kile kisu kidogo, nikashika suke la kwanza. "Cucu," nilisema, "nakushikia tu." Nikakata, nikatafuna, likavunjika kavu kwenye meno, nikatikisa kichwa ili wengine waingie.